Maswali Yenu: Anapata taarifa elfu moja, hajui ashike ipi

Mwezi huu barua zimeelemea upande mmoja, wakutubi, wahadhiri na wanafunzi wote wanalia na kitu kile kile, kutafuta taarifa na kufanya utafiti chuoni, kwa hiyo nimeamua ukurasa wote uwe wa hilo. Barua nimezifupisha, majina ni yale mliyojipachika wenyewe. Kuna mmoja hapo chini nimemjibu kwa ukali kidogo anisamehe, ila alijitakia.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkutubi wa chuo. Kila mwaka wakija wapya napewa lisaa limoja niwafundishe maktaba, basi nafundisha katalogi, databezi tano (zile hazina za kutafutia makala mtandaoni), kuandika marejeo, kuazima, faini ya kuchelewesha kitabu, yaani mpaka koo linakauka. Wiki sita baadae mwanafunzi yule yule anakuja dirishani ananiuliza "eti naanzia wapi?" Sasa ni mimi sijui kufundisha au ni wao?
*Koo Kavu*

Marahaba. Sio wewe na sio wao, lisaa lenyewe limewekwa pabaya. Mtu ambaye hajapewa kazi ya kuandika hana shida na databezi, unampa kasia wakati hajui hata kama kuna siku atapanda mtumbwi. Nenda kwa mhadhiri wa somo, tena nenda mwenyewe kwa miguu usitume barua pepe, muombe lisaa lako lihamie ile wiki ambayo ameshatoa asainmenti na watu wameanza kuhaha. Wiki ya kwanza usiikubali hata wakikuongezea lisaa la pili.

Halafu punguza. Najua inauma maana kila kitu unakiona muhimu, lakini lisaa limoja linabeba kitu kimoja tu, na mimi ningechagua swali. Mwanafunzi aingie na mada, atoke na swali. "Usingizi" ni mada, hata ukikaa nayo mwaka mzima haikuambii utafute nini. "Je, wanafunzi wanaolala chini ya masaa sita siku za mitihani wanakumbuka kidogo kuliko wanaolala manane?" hilo ni swali, lina watu, lina kitu cha kupima, lina na cha kulinganisha. Dakika kumi na tano za mwanzo waandike maswali kumi kila mmoja, mabaya ruksa, kufuta marufuku. Kisha wabadilishane na jirani, jirani achague moja ambalo yeye angependa kulijua jibu lake (ukiwaacha wachague wenyewe wanachagua lile linalofanana na la mwalimu, nimeliona hilo mara nyingi mno). Baada ya hapo waingie databezi moja, nasema MOJA, na swali mkononi, wataona wenyewe kwamba ni pana mno au ni jembamba mno watalikata au kulipanua, na wewe unazunguka tu kwenye viti. Mambo ya faini na kuazima yaandike kwenye karatasi uwagawie mlangoni.

Na kuna kitu wakutubi wengi hatuwaambii wanafunzi. Huko Marekani Carol Kuhlthau aliwafuatilia wanafunzi tangu wanapewa kazi mpaka wanaikabidhi, akawa anawauliza na wanajisikiaje, sio wanatafuta nini tu. Mwaka 1991 akaeleza hatua sita, na cha ajabu ni kwamba mwanafunzi akianza ana wasiwasi, akishachagua mada anapata matumaini, halafu akishaanza kusoma ndo anachanganyikiwa zaidi, kila chanzo kinasema lake, kujiamini kunashuka, na hali hiyo inakaa mpaka apate mwelekeo wa kazi yake. Sasa yule wako wa dirishani wiki ya sita sio kwamba kasahau somo, ndo kwanza kafika kwenye hilo shimo. Usimrudie somo la katalogi. Mwambie hapo ulipo kila mtafiti hupita, kaa hapa unionyeshe ulichosoma mpaka sasa, tuone kipi kinakusumbua. Sentensi hiyo moja nimeona inabadilisha sura za watu.

Tatizo lako lina umri pia. Paul Zurkowski ndo anayetajwa kuwa wa kwanza kulizungumzia jambo hili kwa jina lake, mwaka 1974, stadi za taarifa, na alikuwa anawazungumzia watu waliofunzwa kutumia taarifa kutatua shida za kazi zao, kwa hiyo toka mwanzo lilikuwa suala la shida ya mtu na sio suala la rafu ipo wapi. ACRL, chama cha wakutubi wa vyuo cha Marekani, kilitoa viwango mwaka 2000, orodha ndefu ya mambo mwanafunzi anayopaswa kuyaweza, halafu mwaka 2015 wakaja na muongozo mwingine wenye mawazo makuu sita tu na mwaka uliofuata vile viwango vikawekwa kando. Moja ya hayo sita ni kwamba utafiti ni kuuliza, jibu likipatikana linazaa swali jingine. Kama waliobuni orodha wenyewe wameiacha, wewe nani akulazimishe kuimaliza kwa lisaa limoja?

Habari mwalimu. Nafundisha mwaka wa pili. Niliwapa wanafunzi fomu ya kukagua tovuti, ina tarehe, mwandishi, lengo, usahihi, wanaweka vema kila mahali alafu bado wananiletea vyanzo vya ajabu. Mmoja aliniambia "mwalimu hii ni nzuri ina logo na ina ukurasa wa Kuhusu Sisi". Nilicheka nikataka kulia.
*Mama Fomu*

Pole sana, ila huyo kijana kafanya ulichomwambia. Fomu yako nadhani ni ya ukoo wa CRAAP, ile orodha ya kukagua chanzo ya wakutubi wa chuo cha serikali cha California pale Chico ya mwaka 2004, na sio kwamba ni mbaya, inafaa ukiwa umeshika kitabu. Shida yake kwenye mtandao ni kwamba inamfungia mwanafunzi ndani ya ukurasa ule ule anaoutilia shaka. Unamuuliza mshtakiwa kama ana hatia. Mwenye nia mbaya hashindwi kuweka tarehe, hashindwi kuweka logo, na ukurasa wa Kuhusu Sisi anaandika jioni moja.

Sikiliza hii. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford walichukua watu 45, wanahistoria 10 wenye PhD, wahakiki wa habari 10 wanaofanya hiyo kazi kila siku, na wanafunzi 25 wa chuo chao hicho hicho, wakawapa kazi za kukagua tovuti. Kazi moja ilikuwa kulinganisha tovuti mbili za madaktari wa watoto. Moja ni ya American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha tangu 1930. Nyingine ni ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Majina unaona yenyewe, ni pacha kabisa. Wahakiki wote kumi waligundua ipi ni ipi. Wanahistoria, watu wanaosoma nyaraka maisha yao yote, ni nusu tu walioipatia, wengine walibabaika. Wanafunzi ndo usiseme, wengi wao waliipenda ile ya kikundi kidogo.

Tofauti sio akili. Wanafunzi na wanahistoria walishuka na ukurasa kutoka juu mpaka chini, wanasoma kwa makini, wanasifia mpangilio. Wahakiki walikaa sekunde chache tu wakatoka, wakafungua tabu nyingine mbili tatu na kuuliza watu wengine wanasemaje kuhusu hawa jamaa. Hiyo wenyewe wanaiita kusoma kwa upande, unaacha kushuka unaenda pembeni. Ni sawa na unavyomchunguza mtu anayekuja kuposa nyumbani kwenu, humsikilizi yeye mwenyewe anavyojisifu, unauliza majirani zake.

Kwa hiyo fomu iweke kabatini. Mike Caulfield alikuja na njia fupi mwaka 2019 inaitwa SIFT, hatua nne: simama kwanza kabla hujaamini wala kusambaza, chunguza chanzo ni nani, tafuta mahali pengine palipoandika jambo hilo hilo vizuri zaidi, na fuata dai mpaka lilikotoka. Hiyo ya nne ndo tamu kuliko zote darasani. Chukua habari yoyote inayosema "wanasayansi wamegundua", wape nusu saa waifuate mpaka kwenye makala yenyewe ya utafiti. Watapita gazeti limenukuu tovuti, tovuti imenukuu taarifa ya chuo kwa vyombo vya habari, taarifa imenukuu utafiti, wakifika kule unakuta waliopimwa ni panya. Au ni watu thelathini. Hakuna hotuba yako itakayofundisha kama siku ile wanafika kwa panya.

Ila chunga jambo moja, usije ukawageuza wakawa watu wa kukataa kila kitu. Nimekutana na wanafunzi ambao wakishajifunza kushuku wanaona raha, kila chanzo "kina upendeleo", basi hawamuamini yeyote. Huo nao ni uvivu, umevaa koti tu. Kila mara ukiwapa kibovu cha kukamata wape na kizuri cha kukitetea, waseme kwa nini wanakiamini.

Mambo mwalimu, mi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Naandika title yangu yote kwenye kisanduku cha kutafutia inaniambia hakuna matokeo. Supervaiza anasema tafiti zipo kibao. Nadhani chuo chetu hakijalipia.
*Hakuna Matokeo*

Poa. Inawezekana hawajalipia kweli, ila nakushuku wewe kwanza. Databezi sio mtu, haielewi sentensi yako, nyingi zinatafuta makala yenye maneno yote uliyoandika na title yako ina maneno kumi na nane nimeyahesabu (samahani wasomaji nimeikata isimtambulishe). Utapata wapi makala yenye yote kumi na nane?

Toa maneno yote ya adabu kama "athari za" na "uchunguzi kuhusu". Bakiza dhana mbili au tatu. Chora safu tatu kwenye karatasi, kila dhana na safu yake, halafu chini ya kila moja andika majina mengine ya kitu hicho hicho. Ndani ya safu unaunganisha kwa OR, kati ya safu na safu unaunganisha kwa AND. OR inapanua, AND inabana, wengi wanadhani ni kinyume chake. Mantiki hii ni ya George Boole, Mwingereza wa miaka ya 1800, mzee hakuwahi hata kuota kompyuta. Maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu, na kwenye databezi nyingi ukikata neno ukaweka nyota mwishoni linaleta ndugu zake wote, "teach*" italeta teacher, teaching na teachers.

Na hapa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna kazi mara mbili, maana databezi nyingi zimejaa Kiingereza na tena sio Kiingereza cha mtaani ni cha wataalamu. Wewe unaandika "heart attack", daktari kaandika "myocardial infarction". Neno la wataalamu unalipata wapi? Tafuta makala moja tu nzuri, hata kwa kubahatisha, angalia chini ya ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo) wameweka maneno muhimu gani, yaibe hayo.

Makala hiyo moja ukishaipata usiiachie. Rudi nyuma usome marejeo yake, hapo unapata waliotangulia. Halafu nenda mbele, Google Scholar wanaonyesha chini ya kila makala ni nani wameinukuu baadae, hapo unapata waliokuja nyuma yake, waliokubali na waliopinga. Wazo hilo Eugene Garfield alilifanyia faharasa nzima ya sayansi mwaka 1964, wakati huo ni vitabu vizito vya kupekua kwa vidole, wewe unabonyeza tu. Makala tatu nzuri zikifuatwa hivi mbele na nyuma zinakupa picha ya uwanja mzima haraka kuliko kurasa ishirini za matokeo.

Ukifanya yote hayo na bado unakuta makala imefungiwa mpaka ulipe, usilipe. Angalia kama mwandishi kaweka nakala ya bure kwenye hifadhi ya chuo chake, pitia DOAJ ambayo tangu 2003 inaorodhesha majarida ya bure, muulize mkutubi kama chuo kimo kwenye Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na ikishindikana muandikie mwandishi mwenyewe kistaarabu. Wengi wanafurahi, nani hapendi kusomwa?

Mwalimu, wanafunzi wa siku hizi wavivu balaa. Asainmenti yangu nimeitoa miaka tisa mfululizo bila shida, mwaka huu nusu ya darasa wameandikiwa na akili mnemba, marejeo mengine hata hayapo duniani. Nataka nipige marufuku kompyuta niwaandikishe kwa mkono.
*Mwalimu wa Miaka Tisa*

Miaka tisa asainmenti ile ile halafu wavivu ni wao? Ndugu yangu, hata kabla ya ChatGPT kutoka mwishoni mwa 2022 hiyo kazi yako ilikuwa inauzwa kwa kopi bwenini, bei sijui, ila ilikuwa inauzwa.

Tukirudi kwenye marejeo hewa, hapo una haki ya kuogopa na hata watu wazima yamewakuta. Mwaka 2023 New York mawakili walipeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zimetungwa na ChatGPT zikiwa na majina na nukuu, na wakili alipoiuliza kama kesi hizo ni za kweli ikamjibu ndiyo. Jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Wape wanafunzi wako kisa hicho, kisha waeleze kwa nini inatokea: kifaa kile kinapanga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejeo lina umbo linalojulikana, jina, mwaka, kichwa, jarida, basi kinatengeneza umbo. Kuwepo kwa kitu chenyewe ni habari nyingine.

Usipige marufuku. Fanya hivi, waambie wakiombe kifaa hicho marejeo kumi juu ya mada yao, halafu darasani wawinde moja moja. DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10 yenye mkwaju katikati, waibandike kwenye doi.org waone inawapeleka wapi, maana mara nyingine inafunguka vizuri tu ila inakupeleka kwenye makala ya mambo mengine kabisa. Watafute kichwa cha makala kwa alama za kunukuu. Waangalie jarida lenyewe, toleo hilo, kurasa hizo, kuna nini. Mwandishi yupo? Aliwahi kuandika hicho? Yakionekana ya kweli, hapo ndo kazi inaanza, makala inasema kweli kile kifaa kilichodai inasema? Hilo la mwisho ndo linawaangusha wengi, rejeo halisi, maneno ya kubandikwa.

Na badilisha unachosahihisha. Usisubiri insha ya mwisho peke yake. Dai daftari la utafutaji: tarehe, alitafuta wapi, aliandika maneno gani, alipata nini, kipi alikitupa na kwa nini. Lipe maksi za maana, tuseme robo, sio mbili tatu za kumbembeleza. Kisha dakika tano ana kwa ana, chukua rejeo moja kwenye kazi yake mwambie nisimulie hii makala walifanyaje. Aliyesoma utamjua ndani ya dakika moja, na ambaye hakusoma mtaangaliana tu. Ndiyo darasa la watu themanini linachosha, chagua kumi kwa bahati nasibu, wengine watasoma kwa hofu ya kuchaguliwa.

Hivi makala ikishapitiwa na wataalamu kabla ya kuchapwa, si ina maana ni kweli tayari? Tunaikagua ya nini tena?
*Muuliza Tu*

Hapana. Kupitiwa maana yake wataalamu wawili watatu wameisoma wakaona inaweza kuchapwa, hawakurudia utafiti. Mwaka 1998 The Lancet, jarida kubwa kweli kweli, lilichapa makala ya Andrew Wakefield kuhusu watoto 12, ikazua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaleta usonji. Tafiti kubwa baada ya hapo hazikuona uhusiano huo, na mwaka 2010 jarida likaifuta. Hesabu hapo, miaka kumi na miwili, na watu wameshaacha kuchanja watoto. Makala iliyofutwa haitoweki, inabaki mtandaoni na watu wanaendelea kuinukuu, ndo maana kabla hujainukuu angalia kwenye ukurasa wa jarida lenyewe kama ina tangazo la kufutwa, usitegemee PDF uliyotumiwa na rafiki kwenye simu.

Mwalimu wetu kasema atakayegusa Wikipedia anapata sifuri. Ni sawa?
*Nimegusa*

Anakatazwa kuinukuu, kuisoma nani atakukataza? Ingia, soma upate picha na maneno ya wataalamu, angalia na ule ukurasa wa majadiliano uone watu wanavyobishana nyuma ya pazia, kisha shuka chini kwenye tanbihi, chukua vile vitabu na makala uvitafute uvisome mwenyewe. Hivyo ndo unanukuu. Na kwenye daftari lako la utafutaji andika wazi "nilianzia Wikipedia", usione haya, hata mwalimu wako nina hakika ndo alikoanzia.